Mpira Ulioning'inia Hewani: Miezi Miwili ya Kompyuta Kuganda Kwenye TV

Mechi ilikuwa dakika ya 70. Vijana wawili wamekaa kwenye benchi na padi zao mkononi, wengine sita nyuma yao wanasubiri zamu. Mshambuliaji akapiga shuti, mpira ukapaa, ukafika mbele ya goli na ukabaki hapohapo hewani. Kelele za mashabiki zikageuka mlio mmoja mkali, kama nyuki aliyenaswa ndani ya kopo. Tukangoja. Mpira haukushuka. Nikabonyeza kitufe cha kuwasha nikakishikilia mpaka mashine ikazima, kisha nikawarudishia wale wawili shilingi 500 zao kila mmoja. Mmoja alikuwa anaongoza mabao matatu kwa bila, na niliona alivyoumia.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Kwa miezi miwili iliyofuata jambo lile lilijirudia karibu kila jioni, na lilikaribia kulifunga banda langu la gemu hapa Ngamiani, Tanga. Naandika kwa ajili ya mwenzangu ambaye usiku huu amekaa mbele ya TV iliyoganda, hajui aanzie wapi.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, ya mtumba, zile zilizotumika ofisini nje ya nchi zikaletwa huku. Prosesa ina kori nne, RAM ni gigabaiti 16, na pawa saplai yake, kile kisanduku kinachoilisha umeme, ni ya wati 240. Niliiongezea kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, ya mtumba yenye kula wati 120. Kadi ile ilitaka waya wa umeme wa pini sita, na saplai ya ofisini haina waya huo, kwa hiyo aliyeniuzia alinipa adapta: upande mmoja pini sita za kuingia kwenye kadi, upande wa pili kichwa cha SATA, kile kinachotumika kulisha umeme diski ya kompyuta. Nikakichomeka, kompyuta ikawaka, gemu ikacheza. Nikafunga kifuniko, na kwa mwaka mzima sikuiwazia tena adapta ile.

Mwaka huo wote tulikuwa tunachezea kioo kidogo cha inchi 19. Mwezi wa nne, masika yakiwa yamepamba moto, nikanunua TV ya inchi 43 ya picha safi. Ilikuwa furaha. Jezi zikasomeka, nyasi zikaonekana jani kwa jani, na wateja wakaja mpaka kutoka Makorora. Kuganda kulianza siku ya tatu.

Kila aliyeingia bandani alikuwa na jibu moja: ni TV. Mimi pia niliamini hivyo. Kompyuta haikuganda mwaka mzima, umeleta TV imeganda, kuna haja gani ya kutafuta mchawi mwingine? Nilikuwa nimeshika ukweli nusu, kwamba kuna kitu kilibadilika TV ilipoingia. Nilichokosea ni kudhani kwamba kilichobadilika ni TV peke yake.

Nikaanza na waya wa HDMI, ule unaopeleka picha kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye TV. Nilikwenda dukani nikanunua waya mnene, vichwa vyake vimepakwa rangi ya dhahabu, kwa shilingi 35,000. Jioni ileile mpira ukaning'inia tena. Leo najua kwamba fedha ile ilikuwa ya kuokolewa kwa kutumia macho tu. Waya mbovu wa HDMI una dalili zake: vinyota vinavyometameta, picha inayokatika na kurudi, giza la sekunde mbili tatu, au TV yenyewe kuandika kwamba haipati mawimbi. Yangu haikufanya hata kimoja. Ilibaki na picha safi kabisa, isipokuwa haiendi. Maana yake TV ilikuwa inapokea picha kama kawaida, ila kompyuta ilikuwa inaipelekea picha ileile moja, tena na tena.

Kuna majaribio mawili ya sekunde kumi ambayo ningependa kila mtu ayafanye kabla ya kuzima mashine kwa nguvu. La kwanza, chukua rimoti ya TV na ubonyeze menyu. Menyu ikifunguka juu ya picha iliyoganda, TV ni nzima, iache. La pili, bonyeza Caps Lock kwenye kibodi uangalie taa yake ndogo. Ikiwaka na kuzima, mfumo wa kompyuta bado unapumua na huenda ni gemu tu iliyokwama au draiva ya grafiki, yaani programu inayoiendesha kadi. Hapo jaribu kubonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B, ambavyo huiamsha upya draiva ya grafiki. Taa hiyo isipobadilika, mashine nzima imesimama, na tatizo lipo chini zaidi, kwenye vyuma au umeme. Kwangu menyu ya TV ilifunguka vizuri. Taa ya Caps Lock haikubadilika. Majibu yote mawili yalikuwa mbele yangu tangu wiki ya kwanza, lakini nilikuwa sijajifunza kuyasoma.

Baada ya waya nikahamia kwenye draiva. Nilizifuta zote nikiwa kwenye hali salama ya Windows, nikaweka mpya, nikarudisha za zamani, nikazima sauti ya kupitia HDMI, nikabadilisha picha kutoka hezi 60, yaani kuchorwa upya mara 60 kwa sekunde, kwenda 50. Wiki nzima ilikwisha hivyo. Usiku mmoja niliiacha MemTest86 ipime RAM mpaka asubuhi, ikamaliza bila kosa hata moja. Usiku huo ndio pekee ambao sikujutia, kwa sababu ulinifungia mlango mmoja moja kwa moja.

Kisha joto, na hapa ndipo nilipodanganyika vibaya zaidi. Wakati wa kufunga TV nilikuwa nimetengeneza kabati la mbao chini yake na kompyuta nikaiweka ndani, ili vumbi na mikono ya watoto visiifikie. Tanga wakati wa masika hewa ni nzito, shati linakuganda mwilini saa mbili asubuhi. Nilipoweka programu ya HWiNFO kusoma joto, prosesa ilionyesha nyuzi 94 na kadi nyuzi 88. Nikashtuka. Nikaitoa kompyuta kabatini, nikaisafisha kwa brashi na blowa, nikabadilisha ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma chake, maana ya zamani ilikuwa imekauka kama chokaa ya ukutani. Joto likashuka: prosesa 71, kadi 76.

Jioni hiyo tulicheza dakika 50 bila tatizo. Mwanzo ilikuwa inaganda baada ya dakika 15 au 20. Nikamwambia kila mtu kwamba tatizo limekwisha, ni joto. Dakika ya 52 ikaganda.

Jambo lililopungua bila kuisha linachosha kuliko lisiloguswa kabisa. Ningeacha hapo ningeongeza feni moja, halafu mbili, halafu ningeanza kutafuta kiyoyozi. Joto lilikuwa linachangia kweli, na kuitoa kompyuta kabatini lilikuwa jambo sahihi, lakini halikuwa chanzo.

Nikalaumu umeme. Kuganda kulikuwa kukizidi kati ya saa moja na saa tatu usiku, wakati ambao mtaa mzima umewasha taa, feni na pasi. Nikaazima stabilaiza kwa shemeji yangu, nikaifunga kwa siku nne. Hakuna kilichobadilika. Ilinichukua muda kuelewa jambo jepesi: saa moja mpaka saa tatu usiku ndio muda wateja wangu wanajaa na mechi hazikatiki. Mchana mtu anacheza mechi moja, anaondoka, mashine inapumzika. Usiku haipumziki.

Katikati ya hayo nilikuwa nafungua kila siku Event Viewer, lile daftari ambamo Windows huandika matukio yake. Kila mara nikakuta mstari mwekundu wa Kernel-Power namba 41. Nimekutana na wengi wanaoisoma namba hiyo kama hukumu kwamba pawa saplai imekufa. Haisemi hivyo. Inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa, na aliyeizima bila kuiaga ni mimi, kwa kushikilia kitufe. Kilichonisaidia ni mstari ambao haukuwepo. Draiva ya grafiki ikikwama ikaamshwa, Windows huandika tukio la Display namba 4101. Kwangu halikuwepo. Mashine ilikuwa inasimama ghafla mno hata kuandika haiwahi.

Aliyenitoa gizani ni dada mmoja fundi, anatengeneza simu na kompyuta mitaa michache kutoka kwangu. Nilimpelekea maelezo yangu yote kwa pumzi moja. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kaka, siku ulipoitoa kabatini, ulibadilisha vitu vingapi?"

Nikahesabu. Kabati, vumbi, dawa ya joto, na siku hiyohiyo nilikuwa nimehamisha soketi ya umeme.

"Vinne. Sasa utajuaje kipi kilikupa zile dakika 50?"

Sikuwa na jibu. Akanipa kazi mbili. Ya kwanza, TV ileile, waya uleule, draiva zilezile, lakini gemu nicheze kwa picha ndogo, ya vitone 1280 kwa 720. Ya pili, nirudishe kioo changu kidogo cha zamani, halafu nikitoe jasho. Nikamuuliza nitakitoaje jasho. Akasema nizime kile kipengele kinachoifunga gemu isizidishe fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, niiache kadi ichore kadiri ya nguvu zake zote.

Siku ya kwanza tulicheza kwenye TV kwa 720 tangu saa kumi jioni mpaka saa nne usiku. Haikuganda hata mara moja. Watoto walilalamika kwamba picha ina ukungu, nikawaomba wanivumilie. Siku ya pili nikatundika kioo cha zamani, nikafungua fremu, nikakaa peke yangu baada ya kufunga banda. Dakika ya 18 ikaganda. Mlio uleule wa nyuki, kwenye kioo ambacho kwa mwaka mzima hakikuwahi kuganda, na TV ikiwa imezimwa ukutani.

Sikujua nicheke au nilie. TV ilikuwa haina kosa lolote.

Hesabu yake ni hii, na natamani ningeifanya siku ya kwanza. Kioo changu cha zamani kilikuwa na vitone 1366 kwa 768, jumla kama milioni 1. TV ina 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600, karibu mara mbili. Kila fremu, mara 60 kwa sekunde, kadi ilikuwa inachora karibu mara mbili ya ilichozoea. HWiNFO ilikuwa inanionyesha wazi: kwenye kioo kidogo kadi inatumika kama nusu, kwenye TV inatumika asilimia 97, 98. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye safu ya joto tu. Anayenunua leo TV ya 4K ajue kwamba vitone vyake ni 8,294,400, mara nne ya TV yangu, na Windows mara nyingi itachagua picha hiyo kubwa yenyewe bila kumuuliza.

Sasa kadi inayofanya kazi mara mbili inataka umeme zaidi. Unapita wapi?

Dada fundi alikuja bandani Jumapili asubuhi na mita yake ya kupimia umeme. Tukafungua kifuniko. Alipitisha sindano mbili za mita nyuma ya kile kichwa cha SATA, pale nyaya zinapoingilia, kwa uangalifu zisigusane. Kompyuta ikiwa imetulia, volti 12.0. Nikawasha gemu kwa picha kubwa. Upande wa saplai volti 11.8. Akahamisha sindano upande wa pili wa kiungio kilekile, upande wa kadi: 10.9. Akaniachia niangalie mwenyewe. Namba ikawa inacheza, 10.9, 10.8, 10.9, kila goli likikaribia na uwanja ukijaa.

"Karibu volti moja inapotelea hapa," akasema, akikigusa kichwa kile kwa ukucha. Kisha akauondoa mkono haraka.

Tukazima, tukachomoa waya wa ukutani, tukangoja. Nilipokivuta kiungio kilikataa kutoka, kimeng'ang'ania. Kilipotoka nilikiona: plastiki imekuwa kahawia pembeni mwa pini tatu, imepinda kidogo kama ukoko wa wali uliobanduliwa sufuriani, na harufu yake ni ile ya pasi iliyosahauliwa juu ya nailoni. Pini moja ilikuwa imefifia, imeshika weusi.

Kichwa cha SATA kina pini tatu za volti 12, na kila pini imepangiwa ampea 1.5. Jumla ampea 4.5, yaani wati 54. Waya wa pini sita unaruhusiwa kuvuta mpaka wati 75. Adapta ile kwa umbile lake inaahidi kisichowezekana. Kwa kioo kidogo kadi yangu haikufika huko, ndiyo maana mwaka mzima ukapita salama. TV ilipoingia, kiungio kikaanza kupitisha ampea kama 5, kila jioni, saa nzima nzima. Kikapata moto, pini zikalegea, zilipolegea zikazidi kupata moto. Volti 0.9 ikipotea kwenye ampea 5 ni wati 4 na nusu za joto ndani ya kitu kikubwa kama ukucha wa gumba. Volti ya kadi ikishuka chini ya 11.4 imetoka nje ya kiwango cha saplai za kompyuta, na kadi ikipepesuka hivyo katikati ya kazi, mashine yote inasimama nayo. Na kabati? Lilikuwa linakipasha joto zaidi kiungio kilekile. Zile dakika 50 zilitoka hapo.

Lililonitisha zaidi ya kuganda ni ile rangi ya kahawia. Banda langu ni la mbao, na kabati lile nilikuwa nalifunga kwa kitasa.

Dawa haikuwa adapta nyingine. Niliagiza pawa saplai ya wati 500 yenye waya wake halisi wa pini sita. Ubao wa kompyuta hizi za ofisini mara nyingi una tundu lake la umeme la kipekee ambalo saplai ya kawaida hailiingii, kwa hiyo nililazimika kutafuta pia waya wa kugeuza, uliopatikana Kariakoo ukaletwa kwa basi kutoka Dar. Ile ya zamani hatukuifungua. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita zinazotunza umeme hata baada ya kuchomoa, na sio mahali pa mtu kuchokoa kwa bisibisi. Baada ya kufunga mpya, mita ilisoma 11.9 gemu ikiwa imepamba moto. TV ikarudi kwenye picha yake kamili. Nikabadilisha na hali ya picha ya TV kuwa ya gemu, maana wateja walikuwa wanasema padi inachelewa kuitikia, na hilo nalo likakaa sawa.

Yule kijana wa mabao matatu kwa bila nilimpa mechi ya bure.

Jambo moja dogo bado nalisema kwa kila anayefunga TV na kompyuta. Ekstensheni nyingi tunazotumia hazina waya wa ardhi, na ukigusa chuma cha kompyuta unasikia kama sisimizi wanatembea kidoleni. Ukiwa umefunga pia waya wa dishi nyuma ya TV, umeme huo mdogo unatafuta njia ya kupita, na matundu ya HDMI yanaweza kufa kwa sababu hiyo. Zima vyote viwili na uchomoe ukutani kabla ya kuchomeka au kuchomoa HDMI.

Mashine ya pili ya banda ilifika wiki iliyopita. Kabla ya kumkalisha mteja niliifunga kwenye TV usiku, nikaondoa kizuizi cha fremu, nikaiacha ichore kadiri inavyoweza huku daftari langu la shule likiwa pajani: saa, joto la prosesa, joto la kadi, volti, na kitu kimoja tu cha kubadilisha kwa kila usiku. Saa sita nikaizima, nikachomoa waya, nikapitisha kidole kwenye kila kiungio, kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vuguvugu, kama kikombe cha chai iliyokaa. Nikafunga kifuniko kwa skrubu zake nne.